Sura ya nyumba kwa mbele: shughulikia maji kwanza, rangi baadaye

Mwenye nyumba akitaka nyumba yake ipendeze kwa mbele, safari ya kwanza huwa ni duka la rangi. Anarudi na ndoo, anamwita fundi, siku mbili kazi imekwisha na majirani wanampa hongera. Masika ikipita, rangi imeanza kubanduka sehemu ya chini ya ukuta, michirizi myeusi imerudi chini ya madirisha, na geti linatoa kutu kwenye maungio. Hela imekwenda, nyumba imerudi ilikokuwa.

Kinachochakaza mbele ya nyumba kuliko kitu kingine chochote ni maji: yanayoshuka kwenye bati, yanayoruka kutoka ardhini, yanayopanda kutoka kwenye msingi, na yanayotuama mbele ya geti. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata njia ya maji kutoka paani hadi barabarani, na rangi inakuja katikati, wakati ukuta umeshakuwa tayari kuipokea. Nyumba ninayoifikiria ni ile ya kawaida ya Dar es Salaam: tofali za sementi, bati, kibaraza kidogo, uzio na geti la chuma. Kwa walio Moshi, Iringa au Visiwani yapo mambo machache yanayobadilika, nitayataja yakifika.

Panga kazi ya nje kati ya Juni na Septemba, masika ikiwa imekwisha na vuli haijaanza. Januari na Februari nazo zinafaa, ila ujue masika inakukimbiza.

Hatua ya 1: Vuka barabara, uitazame nyumba kama mgeni

Simama upande wa pili, pale bodaboda wanaposubiri abiria, upige picha kwa simu. Picha inaona vitu ambavyo jicho lako limeshavizoea: waya wa dishi unaoning'inia, kamba ya kuanikia iliyofungwa kwenye nondo ya dirisha, tanki lililopasuka, tofali na mchanga wa "nitamalizia mwakani" ambao sasa umeota majani. Piga asubuhi, piga jioni, na mvua ikinyesha toka na mwavuli upige tena. Hiyo ya mvua ndiyo yenye faida kuliko zote, maana inaonyesha maji yanadondokea wapi na yanaelekea wapi.

Ukishapata picha, andika mafungu matatu: cha kuondoa, cha kurekebisha, cha kuongeza. Anza na cha kuondoa. Hakina gharama zaidi ya jasho na hela ya guta la kubebea kifusi, na nyumba nyingi zikishaondolewa takataka za mbele zinabadilika kiasi kwamba fungu la tatu linapungua lenyewe.

Kabla hujapanga lolote nje ya geti, tafuta bikoni zako, yale mawe ya mpaka wa kiwanja. Nafasi iliyopo kati ya uzio na lami mara nyingi ni hifadhi ya barabara, si kiwanja chako. Ifagie, ifyeke, lakini usimwage zege wala kujenga kizimba cha maua hapo. Waliowahi kuamka na kukuta alama ya X ya kubomolewa kwenye ukuta wao hawahitaji maelezo marefu.

Hatua ya 2: Yashike maji ya paa

Fanya hesabu hii ndogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa inatoa lita 1 ya maji. Kama upande wa mbele wa paa lako una mita za mraba 60, mvua ya milimita 20 inamwaga lita 1,200 kwenye mstari mmoja ulio mbele ya kibaraza. Maji hayo yanachimba mfereji mchangani, yanaruka na tope, na tope hilo ndilo linalopaka ukuta rangi ya kahawia hadi usawa wa goti. Usipoyashika, kila utakachofanya chini yake ni cha msimu mmoja.

Weka gata, yaani mifereji ya ukingo wa paa. Ziwe za bati lenye rangi au za plastiki, kinachotofautisha gata nzuri na mbaya ni mwinamo na vishikio. Mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita 2 au 3 kuelekea kwenye bomba la kushushia unatosha. Vishikio viachane kwa sentimita 60 hadi 80, vinginevyo gata inalegea katikati na kugeuka bwawa la mbu. Mwambie fundi amwage ndoo ya maji upande wa juu kabla hujamlipa, nawe usimame chini uone yanatokea wapi.

Bomba la kushushia lipeleke maji kwenye tanki au kwenye mfereji, lisiyaache miguuni pa ukuta. Tanki likae ubavuni mwa nyumba. Tanki jeusi la lita 2,000 likiwekwa mbele, mgeni hataona kitu kingine.

Ukiwa juu huko, kagua mbao za ukingo wa paa, zile mafundi wanazoziita fishabodi. Zikioza au kuliwa na mchwa, zibadilishe kabla ya kufunga gata, kwa sababu gata imeng'ang'ania hapo. Kagua na misumari ya bati: ule ambao mpira wake umekauka na kupasuka unapitisha maji, na ndiko kutu inakoanzia. Bati lililofifia bila kutoboka linaweza kupakwa rangi ya mabati. Lisuguliwe kwa brashi ya waya, lioshwe, lipakwe praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, ndipo rangi ifuate. Lililotoboka libadilishwe tu.

Kuzunguka nyumba mwaga ukanda wa zege wenye upana wa sentimita 60 hadi 90, ulioinamia nje. Asiye na hela ya zege achimbe kina cha kiganja na kujaza kokoto. Tone likiangukia kokoto halirushi tope.

Hatua ya 3: Uchunguze ukuta kabla ya kuupaka

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko pengine popote.

Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga mweupe, rangi ya zamani imekufa na mpya haitashika juu yake. Lazima ikwanguliwe na ukuta upigwe praima ya ukutani. Kisha gonga kwa ncha ya kisu sehemu ya chini. Sauti ikiwa ya mvungu, lipu imeachana na tofali.

Tatizo kubwa la Pwani ni ule mstari wa futi mbili au tatu za chini ambapo rangi inavimba, inapasuka, na ukiibandua unakuta unga kama chumvi. Na kweli ni chumvi. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya tofali yakiwa yamebeba chumvi, yanafika juu ya lipu yanakauka, na chumvi inabaki ikisukuma rangi kutoka ndani. Nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa baharini, au ambayo msingi wake haukuwekewa karatasi ya kuzuia unyevu, inaumwa zaidi.

Ili ujue unyevu unatoka ndani au nje, kata kipande cha nailoni chenye ukubwa wa karatasi ya daftari, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache hadi kesho yake. Matone yakiwa upande wa ndani wa nailoni, ukuta wenyewe unatoa maji. Yakiwa nje, ni unyevu wa hewa tu.

Ukuta unaotoa maji usiupake rangi, hata kama muuza duka atakuapia kwamba rangi yake inazuia maji. Rangi isiyopumua juu ya ukuta wenye unyevu inafanya chumvi itafute njia juu zaidi, na mwaka ujao uvimbe utakuwa usawa wa dirisha. Bomoa lipu yote iliyoharibika hadi kwenye tofali, vuka mstari wa uharibifu kwa sentimita 30 hivi. Ukwangue kwa brashi ngumu, uuache upigwe na jua kwa wiki kadhaa. Piga lipu mpya ya sementi ndoo 1 kwa mchanga wa mto ndoo 4, ukiongeza dawa ya kuzuia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mwagilia lipu kwa siku saba. Halafu subiri. Lipu mpya inataka kama siku 28 kabla ya kuona rangi, na hili ndilo sharti ambalo mafundi wengi hulivunja kwa sababu wana kazi nyingine inawasubiri.

Wenye nyumba za mawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, wasifuate aya iliyotangulia. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Ukiufunga kwa sementi unyevu unakosa pa kutokea na jiwe linaoza ndani kwa ndani. Huko lipu ni ya chokaa, rangi ni ya chokaa. Na kwa kuwa Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Lamu tangu 2001, kugusa uso wa nyumba kunahitaji ruhusa ya wanaosimamia hifadhi kabla fundi hajapanda ngazi.

Nyufa nazo si za aina moja. Ule mwembamba kama unywele uliotapakaa kwenye lipu ni wa kuziba kwa puti. Ule unaopanda kwa ngazi kufuata maungio ya tofali, au unaotoka kwenye kona ya dirisha kwa mshazari, chora kistari cha penseli kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe. Ukikuta umevuka kistari baada ya miezi miwili, mitatu, au umepanuka kufikia milimita 5, mwite mhandisi. Huo ni msingi unaozungumza.

Kuna kitu kidogo kinachochafua nyumba nyingi bila wenyewe kujua chanzo. Tazama chini ya kila dirisha, kwenye pembe zake mbili: utaona michirizi myeusi kama machozi. Vumbi la nondo na la kioo linaoshwa na mvua, linafika kwenye kizingiti cha dirisha, na kwa kuwa kizingiti hakijatokeza nje, maji yanateleza moja kwa moja ukutani. Kizingiti kinatakiwa kitokeze sentimita 4 au 5, kiinamie nje, na upande wa chini kiwe na kijimfereji kinachokata tone lisirudi ukutani. Mwashi anatengeneza madirisha matatu kwa siku moja, na ukuta wako unabaki safi kwa miaka.

Ukungu mweusi au wa kijani, hasa upande usiopata jua, uue kabla ya rangi. Changanya jiki sehemu moja na maji sehemu tatu, paka, acha robo saa hadi dakika 20, sugua, suuza, acha ukauke kabisa. Vaa glovu. Usichanganye jiki na dawa nyingine ya kusafishia choo. Hewa inayotoka ni sumu.

Hatua ya 4: Geti na chuma

Geti huanza kuoza chini, ndani ya paipu za mraba, mahali usipopaona. Maji yanaingia kwenye maungio ya juu yaliyochomelewa vibaya na kukaa kwenye paipu ya chini. Mwambie fundi wa kuchomelea atoboe matundu madogo upande wa chini wa paipu hiyo maji yatoke, na azibe maungio ya juu.

Kisha ondoa kutu kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae, futa kwa kitambaa chenye thina, upake redioksaidi, rangi ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo. Siku hiyohiyo, nasisitiza, kwa sababu hewa ya bahari inaotesha kutu mpya usiku mmoja. Ikikauka, paka rangi ya mafuta mikono miwili, yaani mara mbili. Grili za madirisha zifuate utaratibu huohuo. Kama rangi ya zamani ni ya miaka mingi, inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo isuguliwe ikiwa na maji ili vumbi lisiruke, fundi avae barakoa, watoto wawe mbali, na uchafu wote uzolewe.

Bawaba zitiwe grisi. Geti linalolia kila likifunguliwa linaaibisha hata likiwa jipya.

Na uzio? Mimi ni wa uzio mfupi wa tofali ukimaliziwa na grili juu. Ukuta wa mita tatu wenye vipande vya chupa unaficha kazi yote utakayoifanya ndani, na mwizi akishavuka hakuna jirani atakayemwona. Lakini kila mtu anaujua mtaa wake.

Hatua ya 5: Rangi

Paa ndilo linalochagua rangi. Hulibadilishi kirahisi, kwa hiyo ukuta ulifuate. Bati la kahawia au jekundu linakwenda na maziwa, mchanga, udongo mpauko. Bati la kijani au la bluu linataka ukuta mweupe au wa kijivu hafifu; ukilipa ukuta wa njano nyumba inafanana na duka la vocha. Rangi tatu zinatosha: ya ukuta, ya fremu na kingo, ya mlango na geti.

Angalia na udongo wako. Moshi, Arusha na Iringa, udongo mwekundu utaupaka ukuta mweupe kila mvua inaponyesha, na suluhisho la wenyeji ni zuri: mkanda wa rangi nzito, kahawia au kijivu cheusi, kutoka chini hadi sentimita 60. Dar adui ni ukungu, kwa hiyo nunua rangi ya nje yenye dawa ya ukungu, usipake ya ndani nje kwa kuwa ni rahisi.

Usiamini kadi ya dukani. Nunua lita moja, paka eneo la mita moja kwa moja sehemu mbili, moja inayopigwa na jua na moja ya kivulini, uitazame asubuhi, adhuhuri na jioni. Jua la saa saba linafifisha kila rangi.

Hesabu ya kiasi iko hivi. Ukuta wa mbele wenye urefu wa mita 14 na kimo cha mita 3 una mita za mraba 42. Toa mlango, kama mita za mraba 2, na madirisha matatu ya mita 1.5 kwa 1.2, yaani 5.4. Zinabaki 34.6, kwa mikono miwili ni 69 hivi. Lita moja kwenye lipu ya kawaida inafunika takriban mita za mraba 8, basi unahitaji lita 9 kasoro. Galoni tatu za lita 4 zinatosha na kubaki za kupigia marekebisho. Fundi akikuandikia ndoo mbili za lita 20 kwa ukuta huo, muulize nyingine anakwenda kupaka wapi.

Vifaa nunua mwenyewe, uone kopo likifunguliwa mbele yako. Rangi iliyochanganywa kwa mashine ichanganywe yote siku moja, maana mchanganyiko wa kesho unaweza kutofautiana kidogo na ukaonekana kama kiraka. Maji ya kuongeza ni yale yaliyoandikwa kwenye kopo. Utasikia, "Bosi, tukiongeza maji kidogo inateleza vizuri." Inateleza kweli, na mwakani inateleza kutoka ukutani.

Mkono wa kwanza uingie kwenye ukuta uliopigwa praima, wa pili baada ya saa nne au zaidi kama kopo linavyosema. Anza juu kwenda chini. Fuata kivuli: ukuta wa magharibi upakwe asubuhi, wa mashariki alasiri. Rangi ya maji ikipakwa kwenye ukuta unaochoma inakauka kabla haijashika.

Malipo yagawe: kidogo mwanzoni kwa ajili ya nauli na chakula, sehemu baada ya mkono wa kwanza, na iliyobaki ukishakagua kazi mchana, si jioni. Andikeni kwenye karatasi idadi ya mikono, atakayenunua vifaa, na atakayesafisha matone sakafuni.

Hatua ya 6: Ardhi kutoka geti hadi mlangoni

Si lazima uweke pevingi, vile vitofali vya zege vya kutandaza chini. Uwanja wa mchanga uliofagiwa vizuri kwa fagio la chelewa, ukiwa na mistari yake ya asubuhi, unapendeza kuliko pevingi zilizotitia. Una kasoro moja tu: ufagio unaondoa udongo kidogo kila siku, na baada ya miaka kumi msingi uko nje kama fizi. Rudishia kifusi mara kwa mara, ukishindilie, uhakikishe uwanja unainamia mbali na nyumba.

Ukiamua kuweka pevingi, chagua unene kwa matumizi. Milimita 60 ni kwa miguu, 80 ni kwa gari. Chini yake lazima kuwe na kifusi au moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa kwa mashine, juu yake mchanga wa sentimita 3 hadi 5, na pembeni mawe ya ukingo yaliyoshikwa na zege. Bila ukingo, vitofali vinatembea. Bila kushindilia, vinatitia pale tairi linapopita. Mwinamo uwe sentimita 2 kwa kila mita 1 kuelekea mferejini. Kitofali cha kawaida cha sentimita 20 kwa 10 kinaingia 50 kwa mita moja ya mraba. Njia ya upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 6 inataka 360, ongeza 20 vya kuvunjika.

Usifunike kiwanja kizima. Maji yanataka pa kuzamia, na uwanja wote wa zege unarudisha joto dirishani hadi saa tatu usiku. Weka pevingi pa gari na njia ya miguu, kwingine acha udongo, kokoto au nyasi. Na usiyaelekeze maji yako kwa jirani. Ugomvi wa maji ya mvua unafika kwa mjumbe haraka kuliko wa mpaka.

Hatua ya 7: Mimea

Panda mwanzoni mwa mvua, Machi au Oktoba, ili mbingu ikusaidie kumwagilia. Kwa nyasi, Pwani inaikubali sana nyasi ya Pemba: inatambaa, ina majani mapana, na inavumilia kivuli kiasi. Ukoka wa kawaida unataka jua kamili.

Bogenvila inafaa juu ya uzio au geti. Ikishashika mizizi haitaki maji mengi, na ikimwagiliwa sana inatoa majani badala ya maua. Ina miiba, kwa hiyo iwekwe mbali na njia ya watoto na ipogolewe. Uzio wa michongoma unapunguzwa sawasawa kwa mkasi mkubwa, unakuwa mzito na kuku hawapiti. Mnyaa uuache kama kuna watoto: utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza vibaya.

Karibu na mlango panda kinachonukia. Asumini kwenye nguzo ya kibaraza, mrihani kwenye chungu, mkilua kama una nafasi. Watu wa mwambao waliling'amua hili zamani. Mgeni anaipokea nyumba kwa pua kabla hajapiga hodi.

Miti mikubwa iwe mbali. Mkrismasi unapendeza Desemba ukiwa mwekundu wote, lakini mizizi yake inatambaa juujuu na kuinua pevingi, kuta na chemba za choo. Uupande mita 8 au zaidi kutoka kwenye ukuta, au usiupande. Vichaka viwe sentimita 60 kutoka ukutani ili hewa ipite na fundi wa rangi apate pa kusimama.

Matairi ya zamani yaliyopakwa rangi na kugeuzwa vyungu sina ugomvi nayo, mradi yatobolewe chini. Yasipotobolewa yanashika maji, na mbu anayeeneza dengue huzaliana kwenye maji kidogo kama hayo. Dar ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Sahani za chini ya vyungu zimwagwe angalau mara moja kwa wiki.

Hatua ya 8: Kibaraza, namba na taa

Mlango wa mbele ukiwa wa mbao, ukwangue vanishi ya zamani, upige msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, upake vanishi ya nje mikono miwili au mitatu. Kitasa na kufuli viwe vizima. Sakafu ya kibaraza ikiwa ya vigae, iwe ya vigae visivyoteleza. Vile vinavyong'aa vimewaangusha wazee wengi siku za mvua. Kama nafasi ipo, jenga baraza ya kukalia pembeni mwa mlango, kimo cha sentimita 45. Viatu viwe na rafu yake.

Kibao cha namba ya nyumba mafundi rangi hukipaka kwa bahati mbaya. Tangu zoezi la anwani za makazi lililofanyika mwaka 2022 kabla ya Sensa ya Agosti, nyumba nyingi zina namba, na mleta mzigo au gari la wagonjwa wanaitafuta hiyo. Kifungue kabla ya kupaka, ukirudishe kikiwa safi, mahali kinaposomeka kutoka barabarani na panapopata mwanga.

Taa mbili zinatosha: moja mlangoni, moja getini, za LED za wati 7 hadi 9, zenye mwanga wa njano hafifu. Mwanga mweupe sana unafanya kibaraza kifanane na kituo cha mafuta. Taa ya sola yenye kihisi ni nzuri getini, ila paneli yake ifutwe vumbi. Waya zote za nje zipite kwenye bomba lake na zifungwe na fundi umeme.

Kama hela haitoshi kwa yote haya, fanya gata, kizingiti cha dirisha na geti mwaka huu, ukuta na rangi mwaka ujao. Pevingi zinaweza kusubiri.

Kila mwaka masika ikiisha, zoa majani kwenye gata, osha sehemu ya chini ya ukuta kwa maji na sabuni, na kagua paipu ya chini ya geti. Rangi iliyobaki ihamishie kwenye kopo dogo ili hewa iwe kidogo, gonga mfuniko ukaze, na juu yake andika kwa kalamu isiyofutika jina la rangi, namba ya mchanganyiko, ukuta uliopakwa na tarehe. Likae kivulini, mbali na watoto.